Usimwite Mvivu Upesi

Mtu huyu unamjua. Yuko katika kila kijiji na katika kila kanisa. Ni fundi wa mbao, na mikono yake ni hodari. Alianza kukutengenezea meza, akaacha miguu miwili, akashika kiti cha mtu mwingine, na kiti nacho hakikuisha. Pesa ya mbao ameiweka mahali, lakini hakumbuki ni wapi. Katika mkutano anajibu kabla ulizo halijaisha. Siku ya Bwana anafika wakati wimbo wa tatu unaimbwa, anatokwa jasho kwa haya. Kila mara anaomba msamaha, na kila mara unamwamini kidogo kuliko jana.

Au ni mama. Ameweka sombe motoni, akatoka kuchota maji, akakumbuka nguo zilizoanikwa, akaanza kuzikunja. Sombe imeungua, na maji hayakufika. Mume wake anasema mbele ya watoto: "Mwanamke huyu hana akili."

Hapa hospitalini twasikia majina ambayo watu hawa wanapewa: mvivu, mjinga, mwongo, mwenye pepo, aliyelogwa. Nataka kusema waziwazi katika ukurasa huu: mara nyingi majina hayo si ya kweli, tena yanaumiza. Baadhi ya watu hawa wana shida ya ubongo yenye jina lake, na njia za kuwasaidia ziko. Sisi Wakristo tumewahukumu mbele ya kuwachunguza.

SHIDA HII NI NINI?

Kwa Kiswahili twaweza kuiita upungufu wa umakini. Waganga wa hospitali wanaosoma kwa Kifaransa huandika herufi nne: TDAH. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ni kama msimamizi wa kazi. Yeye husema: maliza hili kwanza, ngoja, usiseme bado, angalia saa. Ili maneno yake yafike, ubongo unatumia vitu vinavyopeleka habari, na kimoja kinaitwa dopamini. Kwa mtu mwenye shida hii kazi hiyo haiendi sawasawa. Akili ipo, nguvu ipo, na nia njema ipo. Msimamizi ndiye anayekatizwa.

Shida hii haianzi ukubwani. Kitabu cha waganga wa akili wa Marekani kilichotolewa mwaka 2013 chataka mambo haya: dalili ziwe zilionekana mbele ya miaka 12, zionekane mahali zaidi ya pamoja, kama nyumbani na kazini, tena ziwe zinaharibu maisha ya mtu kweli. Kwa hiyo si kila anayesahau ufunguo ana shida hii. Sisi sote twasahau.

Inatoka wapi? Mara nyingi hupita katika ukoo, kama vile urefu wa mwili. Mtoto aliyezaliwa mbele ya siku zake, au mwenye uzito mdogo sana, anaweza kuipata kuliko wengine. Haitoki kwa laana.

Waganga hukadiria kwamba katika watu wazima 100, wawili au watatu wanayo. Basi kanisa lenye watu wazima 200 laweza kuwa na wanne hadi sita, na mchungaji asijue. Wala si jambo dogo. Watu hawa hupoteza kazi na hupata ajali barabarani kuliko wengine. Ndoa zao huvunjika. Wengine hukimbilia pombe ili moyo utulie.

MAKOSA TUNAYOSEMA

La kwanza: "Ni uvivu." Sivyo. Mvivu hataki kazi. Huyu anaitaka, anaianza, na usiku analala kwa huzuni kwa sababu hakuimaliza.

La pili: "Mbona gitaa analipiga saa tatu bila kuchoka? Anajifanya tu." Neno hili limewadanganya wengi. Kitu kipya, au kitu ambacho mtu anakipenda sana, huamsha ubongo wake chenyewe. Ugumu uko katika kazi isiyo na ladha: kuhesabu, kungoja, kurudia yale yale. Mtu hachagui ni lini msimamizi wake atamsikiliza.

La tatu: "Ni ugonjwa wa watoto, utaisha." Hata waganga walifikiri hivyo zamani. Mwaka 1902, huko London, Munganga George Still aliwaeleza wenzake juu ya watoto wasioweza kujitawala ingawa akili zao hazikupungua. Aliliona kuwa jambo la tabia. Ilipita miaka mingi mpaka katika miaka ya 1970 Munganga Paul Wender na wenzake, huko Utah katika Marekani, walipowachunguza watu wazima wakaona kwamba wengine hawakuachwa na shida ile. Kukimbiakimbia kulipungua, kutotulia kulibaki ndani.

La nne: "Ni shida ya wanaume wenye fujo." Kumbuka binti mtulivu aliyeketi nyuma darasani akitazama dirisha. Hakumsumbua mwalimu, kwa hiyo hakuna aliyemwangalia. Leo yeye ndiye mama wa ile sombe iliyoungua.

La tano: "Ni pepo, au amelogwa." Hapa nasema nanyi, wazee wa kanisa. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimwuliza Bwana Yesu ni nani aliyefanya dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana hakukubali hata moja. Basi sisi tusiwe wepesi kuliko yeye. Kumwombea mtu ni vema, nasi twaomba pamoja na wagonjwa. Lakini kumfungia mtu, kumnyima chakula, au kumpiga ili pepo atoke, hayo si maombi. Na mfumu akichukua mbuzi wako, mbuzi ameenda na shida imebaki.

Wengine watasema: "Ukimpa mtu jina la ugonjwa, atajificha nyuma yake." Neno hili lina maana, nami silidharau. Jina la ugonjwa halifuti deni. Fundi anapaswa kuimaliza meza uliyoilipia. Lakini mtu wa mguu mbovu tunampa fimbo ya kutembelea. Hatumpigi kwa fimbo. Mwenye shida hii naye atafutiwe fimbo ya kutembelea, halafu tumdai mwendo.

UFANYE NINI?

Kwanza, njoo hospitalini. Usijipe jina la ugonjwa wewe mwenyewe, maana mambo mengi hufanana na haya: kukosa usingizi, pombe, upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, kifafa kile cha kuduwaa kidogo bila kuanguka, na huzuni kubwa. Malaria ya ubongo nayo yaweza kumwachia mtoto shida ya namna hii. Katika Kongo yetu wengi wamekimbia vita na kuona mabaya. Mtu aliyekuwa mwangalifu tangu utoto, akaanza kusahau baada ya mambo hayo, huenda shida yake ni nyingine, na matunzo yake ni mengine. Kwa hiyo njoo na mtu aliyekujua utotoni: mama yako, shangazi, au kaka mkubwa. Kama karatasi za masomo ya zamani ziko, zilete pia.

Dawa ziko. Moja inaitwa metilfenidati, nayo husaidia wengi. Lakini hospitali nyingi za kwetu hazina. Tena yaweza kupunguza hamu ya chakula na usingizi, na kupandisha damu. Usiinunue sokoni, wala usimeze ya mtu mwingine. Munganga ndiye atakayeitoa na kuiangalia.

Hata pasipo dawa, mengi yaweza kufanyika nyumbani. Uwe na buku moja dogo katika mfuko mmoja. Jambo lolote uliloahidi, liandike papo hapo. Piga msumari karibu na mlango, ufunguo ukae hapo, wala usikae mahali pengine. Tega kengele ya telefoni mbele ya saa ya kutoka, si saa ya kufika. Kazi kubwa uikate vipande. Mwombe ndugu aketi karibu nawe unapofanya kazi inayokuchosha. Kuwapo kwake tu kwasaidia. Lala usingizi wa kutosha.

Nawe uliye mume, mke, au mzee wa kanisa: mwambie jambo moja, si matano. Fundi umlipe kipande kwa kipande, kadiri meza inavyosimama. Usimpe mtu huyu sanduku la sadaka alihesabu peke yake, halafu ukashangaa. Mpe kazi inayomfaa: kupokea wageni, kuwatembelea wagonjwa, kufanya kazi na vijana. Na yule mume asiseme tena neno lile mbele ya watoto. Huenda mmoja wa watoto hao ana shida ile ile ya mama yake, naye anasikiliza.

Siku ya Bwana inayokuja, mtu huyu akifika katika wimbo wa tatu, usigeuze kichwa kumtazama. Msogezee nafasi katika benchi. Na kesho yake mwambie: "Ndugu, twende pamoja hospitalini."