Vyaelea Vimeundwa: Tufundishwe Kilicho Nyuma ya Skrini

Wahenga hawakukosea waliponena, usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii nimeiandika kwenye insha tangu shule ya msingi, alama nikapata, lakini maana yake sikuijali. Niliielewa likizo ya Aprili mwaka jana, ndani ya saiba ya mjomba wangu mjini Bungoma. Na haki ya Mungu, iliniaibisha kwanza kabla ya kunifaa.

Mimi ni wa hapa hapa Kitale. Mama anauza viazi na vitunguu sokoni, na shule zikifungwa hunituma kwa mjomba nimsaidie kuchapa barua na kutoa fotokopi. Unapanda matatu, unapita Kiminini, unapita Webuye, mara uko Bungoma. Siku moja nilikuwa nikimjazia mteja fomu kwenye tovuti. Kidole kikateleza kikagonga kitufe cha F12. Lo! Skrini ikagawanyika mara mbili. Huku ile fomu, kule maandishi chungu nzima yenye mabano. Nilipigwa na butwaa, kijasho chembamba kikanitoka. Nilijua nimeharibu mali ya watu.

Mjomba alicheka. "Mpwa wangu, hujaharibu kitu," akaniambia. "Hapo umeingia jikoni. Wewe umezoea kula sebuleni tu."

Jioni alinieleza. Kumbe ukurasa unaouona ni nakala iliyotumwa na seva, na kivinjari ndicho huipanga ikapendeza. Waundaji wa tovuti hutumia F12 kukagua kazi yao. Kwa kuwa nakala iko kwako, unaweza kubadilisha neno lolote, lakini seva haina habari. Ukipakia ukurasa upya, uliyoyaandika yote yanatoweka.

Milango kama hiyo ni mingi. Katika Excel kuna kichupo cha wasanidi kisichoonekana mpaka ukitie alama kwenye machaguo. Ukikipata unaweza kuandika maagizo kazi ikajirudia yenyewe. Katika rununu za Android, tangu toleo la 4.2 la mwaka 2012, chaguo za wasanidi zimefichwa. Ukigusa nambari ya muundo mara 7, zinatokea. Mjomba alinikumbusha pia mwaka huo wa 2012, Kenya ilipozima simu bandia. Watu walibonyeza *#06# wakashangaa kuona nambari ya utambulisho ya simu zao. Ilikuwa humo siku zote, na wengi hawakuwa na habari.

Sasa niseme lile la aibu. Shule yetu huweka matokeo kwenye tovuti, na muhula ule nilikuwa nimepata D ya Hisabati. Nilifungua F12, nikafuta D, nikaandika B. Nikapiga picha ya skrini nikamtumia mama. Niliporudi Kitale nilikuta amechinja kuku, na wenzake wote pale sokoni wameonyeshwa ile picha. Yule kuku hakupita kooni.

Siku ya wazazi ilipofika, mama alipewa karatasi ya matokeo mkononi. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Njiani alisema tu, "Mwanangu, mimi mambo ya tarakilishi sijui. Nilikuwa najua wewe." Maneno hayo yalinichoma kuliko kiboko.

Sasa kuna wenzangu watasema, si unaona? Ndiyo maana katika maabara yetu ni marufuku kugusa mipangilio! Mwanafunzi akifunzwa haya atakuwa tapeli. Hoja hiyo naiheshimu, maana mimi mwenyewe ni ushahidi wake. Lakini hebu tuulizane. Mimi F12 sikufunzwa na mwalimu, niliiangukia. Marufuku haikunizuia. Na aliyedanganywa alikuwa nani? Alikuwa yule ambaye hajawahi kuona nyuma ya skrini, ndiyo maana aliamini kila kitu kilichoandikwa juu yake.

Sikilizeni yaliyotokea Agosti. Mwanamume mmoja alichukua gunia la viazi kwa mama, akamwonyesha simu yake: pesa imetumwa, jina la mama lipo, kiasi kipo. Mama alikuwa ameshamwambia mwenye mkokoteni apakie. Nikasema, "Mama, ngoja ujumbe uingie kwenye simu yako." Tukangoja. Yule bwana akalaumu mtandao, akasema anarudi, na mpaka leo hatujamwona tena. Ujumbe wa simu si kazi ya F12, lakini fundisho ni lile lile: skrini ya mtu si ushahidi. Mama akaniuliza nilijuaje. Nikamjibu, "Kwa sababu hata mimi nilikufanyia hivyo."

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kidato cha tatu, wanaosoma Somo la Tarakilishi hufunzwa misingi ya kuandika programu. Kipindi kimoja tu kitolewe, mwalimu afungue F12 mbele yetu sote, abadilishe neno, apakie upya, tuone linavyotoweka. Pili, tuwekewe sheria zenye maana badala ya marufuku tupu: usibadilishe mpangilio usioweza kuueleza, andika ulivyokuwa kabla ya kuugusa, na mashine ya mwenzako usiiguse bila ruhusa. Maana hatari zipo. Kwa mfano, ukiwasha utatuzi wa USB kwenye simu ukausahau, unaweza kumfungulia njia mtu mwenye tarakilishi na waya. Tatu, siku ya wazazi tuwaonyeshe wazazi wetu jambo hili kwa dakika 10. Wao ndio wanaotapeliwa.

Na asije mtu akasema haya ni mambo ya Kizungu, hayahusu Chama cha Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Hata Android ukiiweka kwa Kiswahili, utakuta zile chaguo zilizofichwa zimeandikwa kwa lugha yetu. Neno "msanidi programu" lipo tayari, linangoja wasanidi.

Mimi Hisabati bado inanisumbua, lakini nimepanda hadi C, na hii C ni ya kweli. Mama aliisoma kwenye karatasi, akanitazama, kisha akaniomba nifungue tovuti pia, mbele yake. Nilifungua. Akasema, "Pakia upya." Nikapakia. Ilikuwa C ile ile.