Binti anayebaki na wadogo zake

Kwenye mialo ya Geita wapo mabinti wanaoosha marudio kwa zebaki, mikono mitupu, kwa sababu baba alifuata dhahabu asirudi na wadogo wanataka kula. Shinyanga mwenzao anahesabiwa ng'ombe wa mahari ili nyumba ipate chakula.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 mzazi akiridhia. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba hilo linavunja Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Ila njaa haisomi hukumu.

Fungua Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, baba yao amefariki, walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wake. Musa hakuwaambia wavumilie. Alipeleka shauri lao kwa Bwana, nao wakapewa haki.

Sisi twamsifu binti huyu kwa uvumilivu (neno rahisi sana mimbarini). Jumuiya yenu inaijua nyumba yake. Mkikutana wiki hii, baada ya sala, amueni: nani atakaa na wadogo asubuhi ili arudi darasani, na mzee gani atakwenda kwa baba yake mkubwa kumwambia ng'ombe warudishwe?