Pikapu kuukuu za Pwani: hatari iko chini ya bodi

Gari la mtumba haliruhusiwi kuingia Kenya likiwa limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Likishatoka bandarini Mombasa, hakuna anayehesabu tena. Ndiyo maana pikapu zilizoingia kabla ya vijana wanaozipakia kuzaliwa bado zinabeba samaki wa Shimoni, nazi za Kaloleni na maembe ya Malindi.

Umri peke yake si kosa. Injini ya dizeli ya zamani, ikibadilishwa oili kwa wakati, yaweza kumzika tajiri wake. Shida ya pikapu zetu iko kwenye chesisi na breki, mahali ambapo mnunuzi hachungulii na askari wa barabarani hainami.

Kuna chumvi. Upepo wa bahari hula chuma, lakini gari la samaki hupata zaidi: barafu ikiyeyuka, maji ya chumvi hutiririka hadi kwenye chesisi na paipu za breki. Paipu hizo ni za chuma chembamba. Zikishaliwa, hupasuka pale dereva anapokanyaga kwa nguvu zaidi, yaani wakati wa dharura. Na rangi mpya ya wiki ya kuuza gari huficha yote.

Hatari nyingine tunaitengeneza wenyewe, tena kwa kulipa. Mwenye gari akitaka kubeba zaidi huenda jua kali kuongezewa bamba za springi. Pikapu nyingi zina valvu iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti kidogo. Mzigo ukilaza bodi, valvu hupeleka nguvu zaidi kwa breki za nyuma. Springi zikiongezwa, bodi hailali hata gari likibeba tani nzima, na valvu hudhani gari ni tupu. Breki za mbele hubaki kufanya kazi karibu yote. Teremka nalo kutoka Kwale kuelekea Kombani, breki zichemke, ndipo utakapojua bamba zile zilikuwa na bei gani. Wapo mafundi wanaofunga kijiti hicho kwa waya ili breki za nyuma zishike. Hapo gari likiwa tupu, mvua ikinyesha, magurudumu ya nyuma hugoma na gari huzunguka barabarani.

Juu ya mzigo huo wameketi watu: wachuuzi, wapakiaji, wakati mwingine mwanafunzi aliyepewa lifti. Hawana kiti wala mkanda.

Magari ya biashara yanatakiwa kukaguliwa na NTSA kila mwaka. Lakini pikapu huenda kukaguliwa ikiwa tupu na imeoshwa, wakati kasoro ya springi huonekana ikiwa imepakiwa. Kupiga marufuku magari ya zamani si jibu. Mchuuzi wa samaki hana mamilioni ya kununua jipya, na angehamia bodaboda na mzigo uleule.

Kaunti zetu hutoza ushuru wa mazao, na gari husimama kulipa likiwa na mzigo wake kamili. Pesa hizo zingeweza kulipia shimo la kukagulia, fundi mwenye tochi, na bomba la maji baridi la kuoshea chesisi kila magari ya samaki yanapomaliza kushusha.