Mambo ya Dunia: Dhamana ya Luxembourg

Nchi ya Luxembourg ni ndogo sana. Eneo lake halitimii maili mraba 1,000, nayo imebanwa kati ya Ujerumani, Ufaransa na Ubelgiji. Lakini mji wake mkuu umejengwa juu ya majabali yenye magenge marefu, na kwa ajili ya majabali hayo kila mfalme mwenye jeshi aliutamani. Wahispania, Wafaransa na Waaustria waliushika kwa zamu, na kila aliyeushika aliongeza ukuta wake, hata watu wakauita Gibraltar ya Kaskazini.

Napoleon aliposhindwa, mkutano wa dola uliofanyika Vienna katika mwaka wa 1815 ulimpa Mfalme wa Uholanzi nchi hiyo iwe milki yake mwenyewe, lakini ngome ikatiwa askari wa Prussia. Mwenye nyumba akawa mmoja, na mwenye ufunguo mwingine. Mambo yakakaa hivyo kwa miaka 50 na zaidi.

Katika mwaka wa 1866 Prussia iliishinda Austria vitani, na umoja wa zamani wa nchi za Kijerumani ukavunjika. Napoleon III wa Ufaransa akaona kwamba nafasi imepatikana. Akamwendea William III, Mfalme wa Uholanzi, ambaye alihitaji fedha, akataka kuinunua Luxembourg kwa gilda milioni 5. Mfalme alikubali, ila kwa sharti kwamba Prussia nayo iridhike. Habari zilipotoka nje, Wajerumani waliwaka kwa hasira, na Bismarck hakuwa tayari kuridhia. Vita vikawa karibu kuanza kwa ajili ya nchi ambayo bei yake ilipatanwa bila wenyeji wake kuwamo.

Ili kuviepusha, wajumbe wa dola walikutana London, wakamaliza kazi yao kwa siku 5 tu. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 11 Mei, 1867. Ulisema kwamba Luxembourg itakuwa milele nchi isiyo na upande. Askari wa Prussia wataondoka. Ngome itabomolewa wala haitajengwa tena. Na mtawala atabakiza askari wa kutosha kutunza amani ya ndani tu. Uingereza, Ufaransa, Prussia, Austria, Urusi, Italia na Uholanzi ziliidhamini hali hiyo. Ubelgiji nayo ilitia sahihi, lakini haikuhesabiwa katika wadhamini, kwa sababu yenyewe ilikuwa nchi isiyo na upande kwa mkataba wa mwaka wa 1839.

Dhamana hiyo iliandikwa kuwa ni ya pamoja, na neno hilo moja ndilo lililoleta maneno mengi. Mwezi wa Juni, mkataba ukiwa bado mpya, Lord Stanley, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Uingereza, aliulizwa Bungeni kama Waingereza wamejifunga kupigana kwa ajili ya Luxembourg. Akajibu kwamba, mkataba ukivunjwa, dola zote zaweza kuitwa zitende kazi kwa pamoja, lakini hapana hata moja iliyo lazima kutenda peke yake. Baba yake, Lord Derby, aliyekuwa Waziri Mkuu, alisema vivyo hivyo.

Karani yeyote aliyewahi kuandika hati ya dhamana ataona ubovu wa jambo hili mara moja. Watu saba wakimdhamini mtu, na ikaandikwa kwamba hapana atakayedaiwa mpaka wote saba wawe wamekubali kulipa, basi mmoja tu akikataa dhamana imekufa. Na katika mambo ya Luxembourg hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa maana waliohofiwa kuivunja amani yake walikuwa Prussia na Ufaransa, nao wote wawili walikuwa katika wadhamini. Serikali ya Prussia ilinung'unika sana iliposikia maelezo hayo ya London, na haikukosa haki ya kunung'unika.

Hata hivyo watu wa Luxembourg walitimiza sehemu yao. Kuibomoa ngome kuliwachukua miaka 16, hata mwaka wa 1883, na gharama yake ilikuwa faranga milioni moja na nusu. Mahandaki yaliyochimbwa ndani ya jabali hayakuweza kulipuliwa yote, kwa kuwa nyumba za watu zilizokuwa juu yake zingeanguka. Kwa hiyo mengine yalizibwa milango tu.

Baada ya vita vya mwaka wa 1870 kati ya Ufaransa na Prussia, njia kuu za reli za Luxembourg ziliangukia mikononi mwa Wajerumani. Katika mapatano ya mwaka wa 1872 waliahidi kwamba hawatazitumia kamwe kupelekea askari. Hiyo ikawa ahadi juu ya ahadi.

Jioni ya tarehe 1 Agosti, 1914, askari wachache wa Kijerumani waliingia katika stesheni ya Troisvierges, kaskazini mwa nchi. Kesho yake wengi wakaja, wakaishika nchi yote. Wakati huo Luxembourg ilikuwa na watawala wake yenyewe tangu mwaka wa 1890, na aliyetawala alikuwa binti wa miaka 20, Marie-Adélaïde. Waziri wake mzee, Paul Eyschen, alizipelekea dola simu za malalamiko. Wajerumani wakamjibu kwamba hawakuja kwa uadui, bali kuzilinda reli dhidi ya Wafaransa, na kwamba hasara italipwa. Wafaransa wenyewe hawakuwamo nchini.

Siku hiyo hiyo Balozi wa Ufaransa huko London, Paul Cambon, alimwuliza Sir Edward Grey habari ya Luxembourg. Grey akamkumbusha maelezo ya mwaka wa 1867. Siku mbili baadaye, tarehe 4 Agosti, Wajerumani waliingia Ubelgiji, na siku hiyo Uingereza ikatangaza vita. Dhamana ya Wabelgiji, ya mwaka wa 1839, haikufungwa kwa neno lile. Zilikuwapo sababu nyingine, kwa kuwa pwani ya Ubelgiji yaelekea Uingereza, na Luxembourg haina pwani. Lakini mwenye kutaka kukaa kimya juu ya Luxembourg alikuwa na karatasi ya kumruhusu.

Tarehe 10 Mei, 1940, Wajerumani waliingia tena. Mtawala wa wakati huo, Charlotte, hakungoja kama alivyongoja dada yake; aliondoka na serikali yake. Katika mwaka wa 1942 nchi ilitangazwa kuwa sehemu ya Ujerumani, na vijana wakaandikwa kwa lazima katika jeshi lile lile lililowateka. Watu wakagoma kazi, na 21 kati yao wakauawa. Mahandaki yaliyosalia ya ngome ya zamani yalitumiwa na wenyeji kujikinga na mabomu.

Vita vilipokwisha, Luxembourg ilibadili Katiba yake katika mwaka wa 1948, na maneno ya kutokuwa na upande yakafutwa. Tarehe 4 Aprili, 1949, waziri wake Joseph Bech alitia sahihi Washington, pamoja na wajumbe wa nchi nyingine 11, katika mkataba ulioanzisha NATO. Kifungu cha tano cha mkataba huo chasema kwamba mmoja akishambuliwa, kila mmoja wa wengine atamsaidia, peke yake na pamoja na wenzake, kwa kutenda lile atakaloliona kuwa ni lazima.