Sanduku moja la rangi kwa darasa zima

Saa mbili usiku ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: kesho kila mtoto wa gredi ya pili aje na manila, gundi, mkasi na kalamu za rangi. Maduka yanafungwa na mtoto ndiyo kwanza amerudi madrasa. Asubuhi nusu ya darasa wanachora, nusu wanawatazama wenzao.

Tangu mtaala wa CBC uanze nchi nzima Januari 2019, mzigo huu umemwangukia mzazi. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni Sh1,420 kwa mwaka, yaani kama Sh473 kwa muhula, na pesa hizo zina kazi nyingi kabla hazijafika kwenye rangi. Hilo tumelisema sana. Tusilolisema ni kwamba hata vifaa vichache vilivyopo vinapotea kwa kukosa mpango.

Watoto 60 hawahitaji mikasi 60. Wakae sita sita, makundi kumi, mikasi miwili kila kundi. Ishirini yatosha. Mzazi mwenye uwezo alete kitu kimoja mwanzo wa muhula, kiingie sanduku la darasa, na kisiandikwe jina la mtoto. Jina ndilo linaloleta ugomvi, na ndilo linalomfichua asiyekuwa nacho. Kila kundi liwe na mtoto mmoja wa zamu, ahesabu mikasi kabla ya kengele, si baada.

Halafu kuna hali yetu ya hewa. Kalamu za nta zikiachwa dirishani kwenye darasa la mabati, mchana zimeshalainika na kushikana. Ziwekwe chini, penye kivuli. Manila ilazwe juu ya meza au rafu, kwani sakafuni hunyonya unyevu na kujikunja. Gundi ya unga wa ngano ipikwe asubuhi ileile na iishe siku ileile. Ikilala, mende na panya watakushukuru. Brashi zioshwe kabla rangi haijakauka, zisimamishwe nywele juu.

Na vingine havinunuliwi. Kifuu ni kikombe kizuri cha rangi. Kwa kuwa huviringika, kikalishe juu ya kata. Kijiti cha mswaki kipya kilichopondwa ncha ni brashi. Mkaa huchora kuliko penseli nyingi. Nimewahi kuona watoto wakifundishwa kusuka kwa vipande vya manila ya kununua, na nje ya ukuta wa shule mikoma imejaa miyaa, na nyumba ya pili yupo bibi anayeshona mikeka. Hakuna aliyemwita.

Walimu wakuu, muhula ujao orodha ya vifaa itoke wiki ya kwanza, ibandikwe mlangoni, na mbele ya kila kifaa iandikwe kitatumika wiki gani.