KIBALI MKONONI, KUFULI MLANGONI

Agosti 1624 jiji la London lilikuwa na gumzo moja tu. Watu walifurika jumba la Globe kutazama igizo la Thomas Middleton, Mchezo wa Sataranji. Sataranji ni binamu wa drafti yetu ya kijiweni, ila yenyewe ina mfalme, malkia na maaskofu. Kete nyeupe zilikuwa Waingereza, nyeusi Wahispania. Hakutajwa mtu jina. Nani alihitaji kutajiwa?

Farasi Mweusi alikuwa Gondomar, balozi wa zamani wa Hispania, ambaye Mfalme James wa Kwanza alimsikiliza mno. Mjini walisema waigizaji walipata hadi suti yake kuukuu na kiti chake cha kubebwa. Mzee aliugua kidonda sugu cha makalioni, nacho kikapandishwa jukwaani! (Hapo nakiri walimwonea.)

Enzi hizo igizo lilibadilishwa karibu kila siku. Hili lilikwenda siku 9 mfululizo, ukitoa Jumapili. Balozi Carlos Coloma aliandika kwamba hata siku ya watu wachache walizidi 3,000. Akamlalamikia mfalme. Jumba likafungwa.

Sasa sikia, kijana mwenzangu. Waigizaji walipoitwa mbele ya Baraza la Mfalme walitoa kitabu chenye sahihi ya Henry Herbert, mkaguzi wa michezo wa mfalme mwenyewe! Alikipitisha Juni. Na kundi lenyewe lilikuwa la mfalme, lile lile alilokuwamo Shakespeare. Kibali kipo, sahihi ipo, na bado wakaonekana wakosaji. Eti kulikuwa na amri ya kutowaigiza wafalme Wakristo walio hai. Siku zote 9 amri hiyo ilikuwa imelala wapi? Iliamshwa na kelele za balozi. Ndiyo maana mtu akiniambia mkaguzi yupo ili kumlinda mwandishi, namcheka. Karatasi ile ina nguvu mpaka mkubwa anune.

Baadaye waigizaji waliruhusiwa kurudi jukwaani, bila igizo hilo. Middleton alijificha, akaletwa mwanawe Edward mbele ya Baraza. Alikufa 1627, na hakuna igizo jingine lake linalojulikana baada ya hapo.

Lakini 1625 Sataranji ilichapwa kitabu, bila jina la mwandishi. Ukurasa wa kwanza wakamchora Farasi Mweusi, sura ya Gondomar mtupu.