Je, Kanisa Lisilokwisha ni Aibu?

Yako maneno yanayozunguka hapa Ipogolo, tangu matanuru ya matofali ya bondeni, kando ya Mto Ruaha Mdogo, hata nyumba za juu mlimani. Wako wasemao ya kuwa kanisa lenye kuta zilizofika linta na kukaa miaka mingi bila paa ni aibu ya Wakristo. Wengine wataka tukakope fedha benki ili kazi iishe mwaka huu. Wengine wataka tuiache kabisa mpaka apatikane mfadhili wa ng'ambo wa kutujengea. Wasemao haya si watu wabaya, tena baadhi yao ni wazee wa kanisa. Lakini sisi twayapinga, nasi twataka kueleza sababu.

Hao hupenda kutukumbusha mfano wa Bwana wetu juu ya mtu aliyeanza mnara asiweze kuumaliza, watu wakamcheka. Mfano huo twaujua. Lakini na wausome tena kwa makini. Mtu yule hakuchekwa kwa kuwa alikawia. Alichekwa kwa kuwa hakuketi kwanza kuhesabu gharama. Basi, kati yetu ni nani asiyehesabu? Ni yule aongezaye safu chache za matofali kila baada ya mavuno, kwa kadiri ya sadaka iliyopo mkononi? Au ni yule atiaye sahihi hati ya deni, akitumainia mahindi ambayo hata mvua yake haijanyesha bado?

Tena twawauliza: je, mwadhani makanisa makuu ya Afrika yetu yaliota kama uyoga, usiku mmoja? Tazameni Namirembe, kilima cha Kampala katika nchi ya Uganda. Mwaka 1892 Wakristo walifungua pale kanisa kubwa la miti na nyasi, ambalo nguzo zake zilibebwa na watu mabegani kutoka mbali. Mwaka 1894 dhoruba ililiangusha. Hawakukaa wakilia; wakajenga jingine. Baadaye wakaanza la matofali, likafunguliwa mwaka 1904. Kuta zilikuwa imara, lakini paa lake lilikuwa la nyasi. Tarehe 23 Septemba 1910 radi ikalipiga, likateketea. Wakaanza tena. Kazi ya kanisa jipya ilishika mwaka 1915, wakati wa vita vikuu, nalo likawekwa wakfu mwaka 1919; kanisa la matofali lenye kuba, linalosimama hata leo. Hesabuni tangu 1892 hata 1919: ni miaka 27. Nani leo apandaye kilima kile na kusema, "Hawa walikawia"?

Na matofali ya lile kanisa la 1904 yalibebwa na nani? Yalibebwa vichwani na Wakristo wenyewe, wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa wadogo. Askofu Tucker, ingawa alikuwa Mwingereza, alishika neno hili: makanisa ya Uganda yajengwe kwa matoleo ya Waganda, si kwa fedha za Uingereza. Hatusemi ya kuwa msaada wa ndugu wa mbali ni dhambi. Twasema ya kuwa kanisa lililoungua mbele ya watu waliobeba matofali yake hupata wa kulijenga tena. Lakini kanisa la mfadhili likipasuka ukuta, watu humwandikia mfadhili barua.

Kwa hao wasemao, "Tuache kwanza, tungoje," twatoa mfano wa Ulaya. Kanisa kuu la Köln, katika Ujerumani, lilianzwa mwaka 1248. Katika karne ya 16 kazi ilikoma, na winchi ya miti ya kuinulia mawe ikabaki juu ya mnara uliokatika kwa zaidi ya miaka 300, watu wakizaliwa na kufa wakiitazama. Kazi ilirudiwa mwaka 1842, ikaisha 1880. Kukawia na kukoma si jambo moja. Akawiaye, kila mwaka ukuta wake waongezeka. Akomaye huwarithisha wajukuu winchi iliyokufa.

Twajua watajibu: "Watoto na wazee wetu wanyeshewe mpaka lini?" Hili ni neno la haki, wala hatulidharau. Lakini dawa yake si deni. Kanisa la Watakatifu Wote, Nairobi, liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1917 na kukamilika mwaka 1952, likijengwa sehemu kwa sehemu. Nasi tuezeke sehemu moja kwa mabati kabla ya masika, tusali humo, huku sehemu nyingine ikingoja zamu yake.

Aibu ipo, nasi hatuifichi. Aibu ni daftari la michango lisilosomwa mbele ya watu. Aibu ni saruji iliyoganda stoo kwa kukosa wa kuiangalia, na kamati inayokutana mara moja kwa mwaka. Na aibu kubwa kuliko zote ni mtu acheka kuta fupi hali yeye hajaleta hata tofali moja. Haya ndiyo ya kuondolewa upesi, wala hayahitaji mkopo.

Basi, ndugu, kila mwezi hesabu na isomwe kwa sauti. Kila nyumba na ilete ilicho nacho, kama ni matofali, mchanga au siku moja ya kazi. Mfalme Daudi alikusanya mawe na mierezi kwa ajili ya hekalu ambalo hakuliona. Hakuna aliyemwita mtu wa aibu.